Mwaka Caren Alipokonda

Meza yangu ya mitumba na kibanda cha Caren cha ushonaji vimepakana kwa miaka kumi na sita hapa soko la Oyugis. Katikati yetu kuna bati moja tu. Nikikohoa, ananiambia pole. Akicheka, bati linatikisika na nguo zangu zinacheza kwenye kamba.

Caren alikuwa mwanamke mkubwa. Sisemi kwa ubaya, kwa sababu kwetu ukubwa ule ni sifa. Alikuwa na kilo tisini na moja, mikono iliyojaa, na mwendo wa mtu anayekula vizuri nyumbani kwake. Mumewe, Zadock, ni mtunza stoo wa shule na mzee wa kanisa la Sabato. Jumamosi walipotoka kwenda ibadani wakiwa wamevaa vizuri, Zadock alitembea kifua mbele, na watu walisema huyo bwana anajua kutunza mke.

Shida ilianza na uzi. Ilikuwa Februari mwaka wa 2023. Caren aliniita, "Mama Ken, hebu nitilie uzi kwenye sindano." Nikatia, nikidhani ana haraka. Kesho yake akaniita tena, na keshokutwa pia. Fundi wa miaka yote hiyo, ambaye alikuwa akitia uzi huku anaongea na mteja bila kutazama, sasa tundu la sindano lilikuwa limempotea. Halafu nikaona jinsi alivyokuwa anakunywa maji. Dumu la lita tano lilikuwa linaisha kabla ya saa tisa, na kila nusu saa alikuwa anakimbilia choo cha soko.

"Nenda kliniki," nikamwambia.

"Ni joto tu."

"Joto gani? Mimi si niko kwenye joto hilo hilo? Nenda."

Nilifunga meza yangu nikampeleka mwenyewe. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mtaratibu kutoka upande wa Kisii, anaitwa Mosoti. Alimtoboa kidole, akatazama kile kimashine mara mbili. Sukari ilikuwa kumi na nane. Alimweleza bila kumtisha: hii ni kisukari, macho ndiyo yameanza, miguu na figo zitafuata kama hatabadilisha maisha. Kuna dawa, lakini dawa peke yake haitoshi. Ugali uwe saizi ya ngumi yake. Chai bila sukari. Soda aache kabisa. Na kila siku atembee, nusu saa kwanza, kisha saa nzima, mwendo wa kutoa jasho.

"Kila siku mpaka lini?" Caren akauliza.

"Mpaka uzee, mama," Mosoti akasema.

Tulianza pamoja, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye barabara ya Kosele. Siku ya kwanza tulifika kwenye kanisa la kwanza tu, tukakaa kwenye ngazi tukihema, na tulipopata pumzi tukasimamisha pikipiki, tukarudi tumebanana nyuma ya dereva kama magunia. Tulicheka njia nzima. Siku ya pili mapaja yaliuma hata kuketi ilikuwa kazi. Siku ya tatu ilinyesha, na mimi nikafurahi moyoni. Kisha nikasikia kidole kikigonga dirisha langu.

"Mama Ken, mvua haina meno."

Ndivyo alivyokuwa. Nikichelewa kutoka, alisimama katikati ya ploti tunayopanga sote na kutangaza kwa sauti, "Pauline amelala! Jamani, Pauline ameshindwa!" mpaka wapangaji wote wakachungulia. Kwa aibu hiyo tu nilitembea miezi mitatu. Halafu goti langu likaanza kulalamika, na mimi nikalisikiliza kuliko lilivyostahili. Niliacha, na Caren akaendelea peke yake.

Watu hunishangaa nikisema hakuwa na moyo wa chuma. Aliniambia kwamba kila asubuhi mwili wake ulikataa, kila asubuhi bila kukosa, na kwamba alikuwa anaudanganya: naenda mpaka kwenye mlingoti ule tu, kisha nitarudi. Akifika kwenye mlingoti, anasema basi mpaka kwenye duka lile. Alikuwa na daftari la vipimo vya wateja, na humo, katikati ya sare za kwaya na magauni ya harusi, alijiandikia jina lake kama mteja mwingine yeyote. Kila tarehe mosi alijipima kwa utepe: kifua, kiuno, nyonga. Kiuno kilianza na inchi arobaini na nne. Juni kilikuwa thelathini na saba. Alinionyesha akiwa na furaha ya mtoto aliyepita mtihani. Macho yalirudi. Sindano akaanza kutia uzi mwenyewe.

Kufikia mwisho wa Julai alikuwa amepoteza kilo ishirini na nne. Sukari ilikuwa sita. Mosoti alimwita muuguzi waje waitazame karatasi ya vipimo pamoja.

Lakini barabarani watu hawakuwa wanaona karatasi. Walikuwa wanaona mashavu. Huku kwetu, Homa Bay na Migori, mtu mzima akikonda hakuna anayeuliza anafanya zoezi gani. Tunauliza nani amemwambukiza. Si kwamba sisi ni wabaya. Kila boma lina makaburi ya miaka ile ambayo ukimwi ulikuwa unapita nyumba hadi nyumba, na wote tuliowazika walianza hivyo hivyo, kwa mkanda kuongezwa tundu. Wengine, wazee hasa, walisema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko inayomkausha mtu taratibu. Zadock aliitwa pembeni na mzee mwenzake kanisani, akaulizwa kama nyumbani kuna amani. Alirudi amekasirika mpaka akakataa kula.

Na mimi nina langu. Siku moja mteja alikuwa amesimama kwenye meza yangu, amekunja sketi mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jirani yako anaumwa nini?" Nilijua jibu. Nilikuwepo kidole kilipotobolewa. Lakini nikasema, "Mimi si daktari," nikacheka kidogo. Kicheko kile kilikwenda mbali kuliko ambavyo neno lingekwenda. Nilimwambia Caren baadaye sana, na akasema alikuwa anajua.

Hayo yote angeyaweza. Lililomshinda lilikuwa la mama yake.

Mama Marcella alikuwa anaishi Karungu, kule kwenye ghuba, karibu nusu siku ya safari kutoka hapa. Alikuwa na miaka sabini na nne na presha aliyoitibu kwa vidonge viwili kila asubuhi. Alizaa watatu. Stanley alikuwa akichuuza samaki, akafa mwaka wa 1998. Liz alikuwa na hoteli ndogo Sori, akafa mwaka wa 2002. Wote wawili aliwauguza mwenyewe, kwenye chumba kimoja, kitanda kimoja. Stanley alimwambia ni taifodi. Liz alimwambia ni vidonda vya tumbo. Hakuna aliyemwambia ukweli, na aliujua kutoka kwa majirani, akiwa tayari anaosha maiti. Aliyebaki ni Caren, wa mwisho. Pale bomani mama alikaa na Damaris, mjane wa Stanley, ambaye alipimwa, akakubali, akaanza dawa mwaka wa 2005, na leo ana mwili na afya kuliko mtu yeyote wa boma lile.

Pasaka ya mwaka ule Caren alikwenda kumsalimia. Wakati huo alikuwa amepoteza kilo kumi hivi. Mama alikuwa akichambua mboga mlangoni. Aliinua uso, na ile mboga ikabaki mkononi.

"Nyathina," akasema. Mwanangu. "Ni nini hii?"

"Ni mazoezi, Mama. Nina sukari. Daktari ameniambia nipunguze mwili."

"Sukari?"

"Ndiyo. Kwa hivyo natembea. Kila asubuhi."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Siendi mahali, Mama. Naenda tu, halafu narudi."

Mama Marcella alikuwa ametembea maisha yake yote: mtoni, shambani, sokoni, hospitalini na mtoto mgongoni. Hakuwahi kumwona mtu mwenye akili zake akitembea kwenda pasipo na kitu. Aliirudisha mboga kwenye ungo polepole.

"Sikiliza," akasema. "Kama ni ile, sema tu. Damaris si huyu hapa? Nitakupeleka mimi mwenyewe, nitakaa na wewe kwenye foleni. Sitalia. Mimi kinachoniua ni kufichwa."

"Sikufichi, Mama."

"Stanley pia alisema hivyo."

Kuanzia siku hiyo simu ililia kila jioni saa moja. "Umekula? Umekula nini? Kiasi gani?" Caren akijibu kwamba amekula mboga ya osuga na samaki na ugali kidogo, mama alirudia lile neno, "Kidogo". Mizigo ikaanza kufika kwa magari ya Migori: omena, samaki wa kukaushwa, unga wa wimbi, mara moja kuku mzima, hai, amefungwa miguu. Damaris alijaribu. Alimkalisha mama mkwe wake na kumweleza sukari ni nini. Mama akamwambia, "Wewe ni rafiki yake. Lazima umtetee."

Mwezi wa Juni Caren alikwenda kupima virusi. Alijua majibu, lakini alitaka karatasi. Alisafiri nayo mpaka Karungu, akamwekea mama mkononi. Mama hakujua kusoma. Damaris akasoma kwa sauti: hana. Mama Marcella aliigeuza ile karatasi, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba.

"Liz pia alinionyesha karatasi," akasema. "Ilikuwa na muhuri kama huu."

Caren alirudi akaja moja kwa moja kwenye meza yangu, hata kabla ya kufungua kibanda.

"Mama Ken, nikirudisha kilo tano tu? Au sita. Kwa ajili yake. Nionekane mashavuni."

"Rudisha," nikamwambia. "Mama ni mmoja."

Wiki ile alikula. Chapati, chai ya maziwa yenye sukari, ugali wa watu wawili. Alikula akiwa analia, na hakutembea. Siku ya tisa mashine ilisoma kumi na nne, na Mosoti, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alipaza. Alimuuliza anataka mama yake amwone mnene kwa miezi mingapi kabla ya kumwona kwenye kiti cha magurudumu. Caren akarudi barabarani alfajiri iliyofuata.

Ndipo likamjia lile wazo, na nitasema wazi kwamba niliona ni wazo zuri.

Agosti mama alimtaka aende Karungu, kwa kuwa mahindi yalikuwa yamekauka, tayari kuvunwa, na kulikuwa na misa ya kuwakumbuka marehemu wa familia. Caren alikata kitambaa kizito cha pamba akashona magaguro matatu, sketi za ndani za kuvaliwa moja juu ya nyingine. Kwenye nyonga alitia sponji, ile ya kuwekwa mabegani mwa koti la suti. Juu yake akashona gauni pana la marinda mengi, mikono mirefu ya kufunika vifundo. Alilijaribu nyuma ya pazia la meza yangu. Alipotoka, Caren wetu wa zamani alikuwa amerudi, yule wa kilo tisini na moja, ila uso tu ndio ulikuwa wa mtu mwingine. Nikacheka mpaka nikashika bati. Naye akacheka, akazunguka akitikisa nyonga za sponji, na wateja wakageuka kutazama. Sikumbuki siku nyingine tuliyocheka namna ile.

Alinisimulia yaliyotokea Karungu baada ya miezi mingi, na alinisimulia mara moja tu.

Mama alimwona kutoka mbali akiteremka kwenye njia. Aliweka chini ndoo aliyokuwa ameshika. Alipiga kigelegele, mwanamke wa miaka sabini na nne mwenye presha, akaja mbio. "Nyathina! Nyathina amerudi!" Akamkumbatia. Mikono yake ikaenda mgongoni kwa Caren, ikashuka kiunoni, ikasimama. Ikabonyeza. Caren alihisi vidole vya mama yake vikihesabu nguo, moja, mbili, tatu, na jasho la joto la Karungu likimtiririka ndani ya ile pamba yote.

Mama alitoa mikono pale kiunoni. Alimshika mkono, akamwingiza chumbani, akafunga mlango.

"Vua," akasema.

Caren alikuwa na miaka arobaini na sita. Alivua mbele ya mama yake, gauni, kisha gaguro la kwanza, la pili, la tatu. Mama alikuwa anapokea kila moja, anaikunja vizuri, anaiweka kitandani. Sponji zilipoanguka, aliziokota nazo akaziweka juu. Kisha akamtazama mwanawe aliyesimama na nguo ya ndani tu, mbavu zikionekana, mifupa ya mabega imetokeza.

"Liz alivaa sweta mbili," mama akasema. "Kwenye jua hili hili. Alisema anasikia baridi."

"Mama, tafadhali. Nilitaka tu usihuzunike."

"Ndiyo. Hata yeye hakutaka nihuzunike."

Akatoka kwenda jikoni kupika. Alipika vizuri sana siku ile, na Caren akala kila alichopewa, na mama akaenda misani na hakuzungumzia jambo hilo tena.

Kabla ya Agosti, mama alikuwa na wasiwasi. Baada ya Agosti alikuwa na uhakika. Caren mwenyewe ndiye aliyempa uhakika huo, kwa mikono yake, kwa cherehani yake. Hilo ndilo aliloniambia akiwa ametazama chini.

Simu za jioni ziliendelea, lakini mama aliacha kuuliza chakula. Aliuliza habari za watoto, habari za Zadock, kama mvua imefika. Alikuwa mpole. Caren aliniambia, "Naona amekubali sasa. Amenielewa." Alikuwa na furaha kidogo. Oktoba alijipima tena, kiuno thelathini na mbili, na alfajiri alikuwa anafika mpaka Kosele kwenyewe na kurudi, akiimba nyimbo za kanisani ili kupima pumzi.

Jumanne moja ya Novemba Damaris alipiga simu saa nne asubuhi. Mama alikuwa ameanguka karibu na ghala. Mkono na mguu wa kulia havikuwa vinasogea. Walikuwa njiani kwenda hospitali Homa Bay.

Caren alifunga kibanda na kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano. Nilikwenda naye. Tulimkuta Mama Marcella kwenye kitanda cha dirishani, mdomo umevutwa upande, macho wazi. Hakuweza kusema. Lakini alimjua. Mkono wake mzima, wa kushoto, ulitoka chini ya shuka ukamtafuta Caren, ukapanda begani, ukashuka kwenye kiwiko, ukafika kwenye kifundo cha mkono. Pale kidole gumba na cha kati vikazunguka kile kifundo, vikakutana, vikapitana. Machozi yakamtoka jicho moja, lile lililokuwa bado linamtii.

"Mama, niko mzima," Caren alikuwa anasema. "Nitazame, Mama. Mimi ni mzima kabisa. Natembea mpaka Kosele."

Mama akaendelea kushika kile kifundo. Alikaa hivyo siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu alikufa.

Damaris ndiye aliyefungua mkebe wa majani ya chai, walipokuwa wanatoa vitu chumbani kabla ya maziko. Ndani hakukuwa na majani. Kulikuwa na vidonge vya presha, vya miezi mitatu, viwili viwili jinsi alivyokuwa anavitoa kila asubuhi mbele ya Damaris na kuvipeleka mdomoni. Damaris aliukumbatia ule mkebe mlangoni. Mwanzoni alitaka kuuficha, kisha akaona kufichana kumetosha katika boma lile. Akamwita Caren.

"Wifi," akasema, "baada ya ile misa aliniambia neno. Mimi nilidhani ni maneno ya huzuni tu. Alisema, 'Wawili nimewazika. Wa tatu atanizika yeye. Sitasimama tena pale.' Nilimkemea. Nikamwambia Caren haumwi. Akanipigapiga mkono kama mtu anayemtuliza mtoto."

Caren hakulia. Alikaa chini pale pale kizingitini.

Kwenye maziko watu walilia sana, na wengi walikuwa wanamlilia Caren. Niliwasikia nikiwa nimekaa kwenye hema. Nyuma yangu mwanamke alisema, "Na huyu naye, hafiki Krismasi." Safari hii niligeuka. Nikamwambia mwanamke yule, kwa sauti ya kusikika, kwamba Caren ana sukari na ameishinda kwa miguu yake, na kwamba anafaa kunyamaza. Alinyamaza. Lakini nilikuwa nimechelewa miezi mingi, na mtu aliyestahili kusikia alikuwa ndani ya jeneza.

Baada ya hapo Caren hakutembea. Viatu vyake vya mazoezi alimpa mpangaji mmoja wa pale plotini. Alikula kila kilichopita mbele yake, mandazi ya sokoni, soda kwenye chupa kubwa, na alikula bila hamu, anatafuna tu huku ametazama ukuta. Desemba, Januari, Februari. Mwili ulirudi na pongezi zikarudi nao. "Sasa umependeza!" "Naona umepona!" Kila mtu aliyesema hivyo alimchoma, na yeye alikuwa anajibu asante. Zadock alijaribu kumtoa alfajiri, mwanaume wa watu, amevaa viatu vya ngozi kwa sababu hana vingine. Alisimama mlangoni na kumwita. Caren aligeukia ukutani.

"Nilitembea nikamuua mama," aliniambia. "Nitembee tena nimuue nani?"

Nilimwambia si yeye. Tulimwambia wote. Mosoti alimwambia pia, alipokuja mwenyewe sokoni baada ya Caren kukosa kliniki mara tatu. Hakuna neno lililoingia.

Machi Damaris alikuja Oyugis kushonewa gauni. Nadhani gauni lilikuwa kisingizio. Alikaa kwenye kiti cha wateja, bati likiwa katikati yetu, kwa hivyo nilisikia yote. Alimwona Caren akimalizia soda. Alimwona alivyokuwa akiburuta mguu wa kushoto, maana kidole kilikuwa kimeanza kidonda kisichokauka.

"Wifi, mimi nameza dawa kila siku saa tatu za asubuhi," Damaris akasema. "Miaka kumi na tisa. Unajua ni asubuhi ngapi? Mimi sijui. Na sijawahi hata mara moja kuamka nikiwa nataka kuzimeza. Stanley alinifia mikononi. Yeye ndiye aliyeniletea huu ugonjwa, na nilikuwa nampenda. Asubuhi nyingine nazimeza huku namchukia, nyingine nazimeza huku namlilia. Siku mama alipokufa, saa tatu, nilizimeza. Nilikwenda nyuma ya nyumba na kikombe cha maji, nikameza, nikarudi kulia."

Caren aliweka chini chupa ya soda.

"Sikuambii usihuzunike," akaendelea. "Huzunika. Lakini mguu huo upeleke kliniki leo."

Caren alikwenda siku ile ile, nikiwa nimemshika upande mmoja na Damaris upande mwingine. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakikuokolewa. Kilikatwa wiki iliyofuata. Mguu ulibaki.

Alianza tena Mei, kwa hatua za mtu anayejifunza. Siku za kwanza alifika kwenye lango la ploti tu. Nilirudi kutembea naye, na goti langu linauma kweli sasa, lakini nalipuuza. Hatuimbi. Kuna mahali kwenye ile barabara ambapo Caren huanza kulia, hana sababu ya pale hasa, ni mteremko tu wenye mikaratusi, na huwa anaendelea kutembea huku analia na mimi namwacha. Akifika juu anapenga kamasi, tunageuka.

Mwaka huu Mosoti alianzisha kikundi cha wagonjwa wa sukari, wanakutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Alimwomba Caren aje awape watu moyo. Sukari yake ni saba, macho ni mazuri, kilo ni sabini na mbili. Walikuwa watu kama thelathini chini ya paa la zahanati, wengi wanawake wanene wenye hofu usoni, kama tulivyokuwa sisi. Mama mmoja akanyoosha mkono akauliza ni nini kinachomsukuma kila asubuhi.

Caren alisimama. Nilimwona akitafuta maneno ambayo Mosoti alitarajia.

"Hakuna kinachonisukuma," akasema. "Naamka, navaa, naenda. Siku nyingine sitaki kuishi sana, lakini naenda." Mosoti alianza kuinuka kwenye kiti, kisha akakaa. "Mnisikilize kwa jambo moja. Wenye mama zenu, siku ya kwanza ya kliniki nendeni nao. Siku hiyo hiyo ya kwanza, mkiwa bado wanene. Waingie ndani. Daktari awaambie wao wenyewe, kwa lugha yao, wakisikia. Wawaone mkitobolewa. Waulize maswali mpaka yaishe. Msiende peke yenu halafu mkawapelekee karatasi."

Alitaka kuongeza kitu. Akatikisa kichwa, akakaa. Yule mama aliyeuliza swali alivuka benchi mbili akaja kumkalia karibu. Mosoti akawauliza watu kama wangependa kupimwa presha, na wakaanza kupanga foleni.